Datsun 240Z: Disiki za nyuma zinaweza kusaidia gari ya zamani, ao kuizungusha barabarani

Wenye kuwa na gari za mbio za zamani wanarudia ulizo moja kila mara: je, inafaa kuondoa tambure za nyuma na kuweka disiki? Kwa Datsun 240Z, gari ya Japani iliyotengenezwa tangu mwaka 1969, vifaa vya kazi hiyo vinapatikana kwa wingi, na fundi mwenye kuzoea anaweza kuimaliza kwa siku mbili ao tatu. Lakini breki, ile ambayo mashofere wa Goma na Bukavu wanaita freni, si kitu cha kubadilisha upande mumoja bila kuangalia upande mwingine. Freni ya nyuma ikikamata mapema kuliko ya mbele, gari inazunguka.

240Z si gari ngeni katika eneo hili la Afrika. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally ya Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mashindano hayo kwa 240Z akiwa pamoja na Lofty Drews. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa karibu sana: Mehta na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun, walimaliza na pointi sawa. Mehta alishinda Safari mara nne zingine, lakini ile ya kwanza ilikuwa ya 240Z.

Gari ile iliuzwa Marekani kwa dola 3 526 tu, bei iliyowashtua watengenezaji wa magari ya mbio wa Ulaya. Moteri yake ya silindre sita ilikuwa na litre 2,4. Uzito wake ulizidi kilo elfu moja kidogo. Mbele kulikuwa disiki za milimita 271, nyuma tambure za milimita 229 hivi, za aluminiamu, zenye mapezi ya kupunguza moto. Wakati ule mpango huo ulikuwa wa kawaida kabisa. Jaguar ilikuwa imeshinda Le Mans mwaka 1953 kwa gari yenye disiki, na ushindi huo uliwafungua macho wengi, lakini kwa gari ya bei ya chini tambure ilibaki nyuma kwa miaka mingi. Nissan yenyewe iliwapa wanunuzi wa Marekani disiki za nyuma pale 280ZX ilipochukua nafasi ya 280Z, kwa modeli ya mwaka 1979.

Kwa nini basi mutu atafute kuondoa kitu ambacho kiwanda kiliona kinatosha?

Jibu ni moto. Freni haipotezi mwendo wa gari, inaugeuza kuwa joto. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne: kusimamisha gari kutoka kilometa 120 kwa saa ni kazi mara nne ya kuisimamisha kutoka 60. Tambure inafunika joto hilo ndani yake. Ikipata moto sana inapanuka, inajitenga na garnitire, na pedali inashuka chini ya mguu. Shofere yeyote aliyeteremuka Ngomo kutoka Bukavu kuelekea Kamanyola na muzigo, bila kutumia vitesi ndogo, anaijua hali hiyo. Disiki iko wazi, upepo unaipiga pande zote mbili, na ikipanuka inakaribia plaketi badala ya kuzikimbia. Maji na matope vilevile vinatoka juu yake haraka, wakati tambure iliyoingia katika maji ya muto inaweza kuchelewa kukauka.

Kwa kusimama mara moja tu, kwenye barabara kavu, tambure iliyorekebishwa vizuri haishindwi na disiki. Hilo wauzaji wa vifaa hawalisemi sana. Ikiwa magurudumu ya nyuma tayari yanaweza kufungwa na freni ya kiwandani, kuongeza nguvu nyuma hakufupishi umbali wa kusimama hata kwa metre moja. Mwenye kutumia 240Z yake kwa matembezi ya siku ya Mungu anaweza kununua garnitire mupya, silindre ndogo za magurudumu na mabomba ya mpira mapya, na kubakia na pesa mufukoni. Mwenye kuipeleka kwenye uwanja wa mbio, ambako freni zinakanyagwa kila baada ya sekunde chache, ndiye ana sababu ya kweli.

Njia inayojulikana zaidi ni kutumia vitu vya Nissan zingine: etriye za 240SX na disiki za 300ZX ya miaka ya 1980, zikishikwa na kipande cha chuma kilichokatwa kwa ajili ya 240Z. Mbele, wengi wanaweka etriye za Toyota Hilux ya 4x4 ya zamani, zenye pistoni nne, kwa sababu matundu ya buloni yanalingana na ya Datsun. Kuna kitu cha kuchekesha hapo: gari ya mbio ya Tokyo kuazima freni kwa gari ya kubeba mihogo.

Hapo ndipo matatizo yanaanza, na yanafuatana kama mabehewa. Pistoni kubwa zaidi zinaomba mafuta ya freni mengi zaidi, kwa hiyo pedali inakuwa ndefu. Ndiyo maana wanabadilisha pia silindre kubwa, ile inayosukumwa na pedali, na kuweka ya 280ZX yenye upana zaidi. Silindre hiyo inarudisha pedali juu, lakini mguu unapaswa kusukuma kwa nguvu zaidi. Katika mifumo mingi ya tambure kuna pia vali ndogo inayobakiza presha kidogo katika bomba la nyuma, ili mipira ya silindre isilegee. Kwa tambure vali hiyo inafaa. Kwa disiki, inaacha plaketi zikigusa muda wote: gari inakuwa nzito, plaketi zinaisha, mafuta ya freni yanapata moto. Fundi anayeisahau atatafuta ubaya huo kwa siku nyingi.

Lakini jambo kubwa ni mizani kati ya mbele na nyuma. Shofere akikanyaga kwa nguvu, uzito wa gari unakimbilia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Magurudumu ya mbele yakifungwa, gari inaenda moja kwa moja hata kama usukani umegeuzwa. Ni mbaya, lakini shofere analegeza mguu na usukani unarudi. Ya nyuma yakifungwa kwanza, mukia unataka kupita kichwa, na katika kona yenye mvua mutu hana nafasi ya kulegeza chochote. Gari ya mwaka 1970 haina kompyuta ya kuzuia magurudumu kufungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magari madogo zinafuata wazo hilohilo: mbele ifungwe kabla ya nyuma.

Tambure na disiki haziombi presha sawa. Tambure ikizunguka inavuta garnitire moja ndani, freni inajikaza yenyewe, basi presha kidogo inatosha. Disiki haina musaada huo. Kwa hiyo vali ya kiwandani ya kupunguza presha ya nyuma, iliyopimwa kwa tambure, haielewi tena kazi yake. Kufuatana na ukubwa wa pistoni, nyuma inaweza kuwa zaifu kuliko mbele ya kwanza, ao kali kupita. Wengi wanaondoa vali hiyo na kuweka nyingine yenye musumari wa kuzungusha kwa mukono. Lakini vali hiyo inapunguza tu, haiongezi. Kama etriye za nyuma ni ndogo mno, hakuna kuzungusha kutakakosaidia. Na mwenye kuacha vali mbili zikifuatana katika bomba moja atashangaa kuona disiki zake mupya hazifanyi kazi yoyote.

Freni ya mukono nayo inasahaulika. Tambure inashika gari iliyosimama juu ya mulima kwa urahisi. Etriye za 240SX ziko na chombo cha freni ya mukono ndani yake, lakini kamba ya 240Z inapaswa kurekebishwa ili ifike, na mara nyingi nguvu yake ni ndogo kuliko ya zamani. Magari kama Toyota Land Cruiser Prado yanamaliza tatizo hilo kwa kuficha tambure ndogo ndani ya disiki ya nyuma. Kwa Datsun, mwenye kuishi kwenye muteremuko anaweka pia jiwe chini ya gurudumu, kama inavyofanyika pembeni ya barabara yoyote ya Kivu.

Pesa pia inaingia katika hesabu. Januari 2020, 240Z iliyotunzwa karibu jinsi ilivyotoka kiwandani iliuzwa Marekani kwa dola 310 000. Gari kama hiyo haiguswi. Kila buloni ya asili ni pesa. Ujerumani, kubadilisha freni kunaomba wakaguzi wa ufundi waikubali kazi hiyo, na namba ya pekee ya magari yenye miaka 30 na zaidi inatolewa kwa gari iliyobaki karibu na hali yake ya asili. Lakini 240Z iliyokuwa tayari imekatwakatwa, yenye moteri ya nguvu zaidi, haina asili ya kulinda. Hiyo inahitaji freni.

Kazi ikiisha, mafuta ya freni yanawekwa mapya, kwa sababu yanakunywa maji ya hewani. Mafuta ya DOT 4 yanachemuka kwa digrii zisizopungua 230 yakiwa mapya, lakini yakiingiwa na maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Kisha gari inapelekwa mahali pa wazi, bila watu, kwanza kwa kilometa 30 kwa saa, na mutu mwingine anasimama mbali akiangalia magurudumu. Vali inaanza ikiwa imefungwa, presha ndogo kabisa nyuma, na inafunguliwa kidogo kidogo. Nyuma ikitangulia kufungwa mara moja tu, musumari unarudishwa. Jaribio linarudiwa barabara ikiwa na maji, kwa sababu mizani ya kavu si mizani ya mvua.

Na zile tambure za aluminiamu hazitupwi. Zinapakwa mafuta, zinafungwa katika karatasi na kuwekwa pamoja na buloni zake, maana siku gari itauzwa, munuuzi ataziuliza.