Jumba la Mtoni na Karafuu Zetu

Wanachama wengi wapitao Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, huyaona magofu ya pwani wakaendelea na safari. Yafaa tukumbushane kuwa hapo ndipo Seyyid Said bin Sultan alipojenga jumba lake, na Mtoni ni katika mashamba ya mwanzo kupandwa mikarafuu kisiwani. Humo alizaliwa bintiye Salme mwaka 1844, naye akalieleza jumba hilo katika kitabu chake cha mwaka 1886.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Baadaye jumba likaachwa, na mwaka 1914 likaungua. Zilizobaki ni kuta za mawe na chokaa. Ukuta kama huo ukikosa paa, mvua huingia kwa juu, chokaa ikalika, mizizi ikapenya, na jiwe likaachana na jiwe.

Je, lijengwe upya? Sisi twaona la kwanza ni kuzinusuru kuta: miti ing'olewe, na vichwa vyake vizibwe kwa chokaa, si kwa saruji ifungiayo maji ndani. Mkulima ajua: shamba lisilopaliliwa hugeuka kichaka.