Laptopu inazimika kwa joto? Kabla ya kulipa kadi mama mpya, uliza kuhusu pati

Skrini inakuwa nyeusi bila onyo, na kurasa za TFC ambazo hazikuhifadhiwa zinapotea. Dakika chache baadaye kompyuta inakubali kuwaka tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi wanaijua hali hiyo, na wenye sekretariati za kuchapa na fotokopi kandokando ya vyuo wanaijua zaidi. Kuna wanaoambiwa kwamba kadi mama imekufa, wakalipa au wakatafuta mashine nyingine. Kumbe wakati mwingine kilichokufa ni kitu kidogo kuliko punje ya haragi: pati iliyokaukia kati ya prosesa na radiateri.

Mafundi wanaiita pati termiki, kutoka Kifaransa. Wengine wanasema krimu tu. Prosesa ikifanya kazi hutoa joto, na juu yake kuna kipande cha shaba au aluminiumu kinachopokea joto hilo na kulipeleka kwenye feni. Kwa macho, nyuso hizo mbili ni laini kama kioo. Kwa kweli zina mikwaruzo na mashimo madogo sana yaliyojaa hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto: takriban wati 0,026 kwa mita kwa nyuzi moja, wakati shaba inakaribia 400. Pati inafukuza hewa hiyo. Lakini hata pati nzuri huandikiwa na watengenezaji namba kati ya 4 na 12 hivi, yaani iko mbali sana na shaba. Ndiyo maana kazi yake ni kujaza mashimo tu. Anayepaka tabaka nene akidhani anaongeza ubaridi anaweka blanketi.

Prosesa ikipata moto kupita kiasi, kwanza inapunguza mwendo ili kujilinda. Kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu kikomo kiko karibu na nyuzi 100. Mwenye mashine anaona tu kwamba kufungua faili kumekuwa kazi ya dakika nzima. Na kwa anayechapa kwa jenereta wakati umeme umekatika, dakika hizo ni mafuta yanayoungua. Joto likiendelea kupanda, mashine inajizima.

Kwetu hali hii ina sababu zake. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za okazioni, zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika hapa, na pati ya kiwandani imechoka nazo. Mjini Goma vumbi jeusi la volkano linaingia kila mahali, feni za kompyuta zikiwemo. Lubumbashi na Kolwezi, mwezi wa kumi kabla ya mvua, joto na vumbi vinakuja pamoja. Kwa hiyo fundi anayebadilisha pati bila kupuliza vumbi kwenye feni na mapezi ya radiateri amefanya nusu ya kazi.

Ipi ya kununua?

Kwenye meza za soko utakuta vifuko na sindano ndogo za bei ya chini, mara nyingi HY410 nyeupe au HY510 ya kijivu, ambazo namba yake haifiki 2. Kwa mashine ya kuchapa barua zinaweza kutosha kwa muda. Juu yake kuna Arctic MX-4 au Noctua NT-H1, ambazo hazipitishi umeme. Tone likimwagika pembeni haliunguzi kitu. Mimi nisingelipa zaidi ya hapo kwa kompyuta ya ofisi. Tofauti kati ya pati mbili nzuri ni nyuzi chache tu, lakini kati ya pati iliyokauka na mpya inaweza kupita 10. Kwa laptopu, chagua iliyo nzito: ile ya majimaji, mashine ikipata moto na kupoa kila siku, husukumwa polepole hadi ikatoka katikati. Na sindano iliyokaa juani miezi mingi, ukiibonyeza ikatoa mafuta kwanza, irudishe kwa muuzaji.

Dawa ya meno? Inapoza kweli, kwa siku chache. Ina maji, maji yanakauka, na unarudi pale pale.

Kazi yenyewe

Betri inachomolewa kwanza. Pati ya zamani inafutwa yote, kwa alkoli ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ile ya asilimia 70 ya farmasi ina maji mengi, itumike ikiwa tu utasubiri ikauke kabisa. Petroli haifai, inaharibu plastiki. Kwenye kompyuta ya mezani, prosesa ina kifuniko cha chuma, na tone la ukubwa wa njegere katikati linatosha, mgandamizo utalisambaza. Kwenye laptopu hakuna kifuniko: jiwe lenyewe liko wazi, hivyo ni heri kupaka tabaka jembamba mpaka kila kona ifunikwe. Skrubu hukazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo, na radiateri nyingi zina namba 1 hadi 4 zinazoonyesha mfuatano. Fundi akikuta vipande laini kama mpira juu ya memori ya kadi ya skrini, asivibadilishe kwa pati. Pale nafasi ni kubwa, pati haiwezi kuijaza.

Mteja asiyejua lolote kati ya haya bado anaweza kudai jambo moja: namba. Programu za bure kama HWiNFO au Core Temp zinaonyesha nyuzi za prosesa. Fundi aonyeshe kabla ya kufungua, na tena baada ya mashine kufanya kazi nzito robo saa. Zikibaki karibu na 100, usilipe bado, afungue tena.

Tahadhari moja kwa wenye sale za michezo. PS5, iliyotoka 2020, haina pati ya kawaida bali metali ya majimaji. Metali za aina hiyo hutegemea galiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi. Inapitisha umeme na inakula aluminiumu. Tone moja likiangukia pasipofaa linaweza kuua mashine nzima. Muulize fundi kama anajua kuna nini chini ya radiateri hiyo. Akijibu kwamba ataifuta tu kama krimu nyingine, beba mashine yako.