Kwa nini maji peke yake hayatoshi?

Katika familia zetu nyingi, kabla ya kula mtu hupita na birika na beseni. Tunamwagiwa maji kidogo, tunapangusa mikono, tunakula. Je, mikono imetakata? La, kama hatukutumia sabuni.

Tufanye jaribio pamoja na watoto. Mimina maji safi katika sahani, kisha nyunyiza pilipili manga ya unga. Itaelea. Sasa gusa katikati kwa kidole chenye sabuni. Mara pilipili itakimbilia pembeni!

Sababu ni hii. Chembe ndogo sana za maji huvutana, hata uso wa maji hukaza kama ngozi ya ngoma. Sabuni hulegeza mkazo huo hadi chini ya nusu. Katikati pamelegea, pembeni bado panavuta, na pilipili hufuata.

Ndivyo ilivyo mikononi. Maji matupu hujikusanya matone juu ya mafuta ya ngozi. Yakipata sabuni hutandaa na kupenya katika mikunjo na chini ya kucha. Tena chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Hivyo uchafu hung'oka pamoja na vijidudu vya kuhara.

Basi tusugue kwa sabuni sekunde 20, tusuuze kwa maji yanayotiririka: tutokapo chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kula. Sabuni ikae karibu na birika, si kabatini ikingoja wageni.