Mikahawa ya Kale Katika Mji wa London

Watu wengi wakitajiwa Waingereza huwaza chai. Ni kweli kwamba chai ndiyo waliyoipenda kwa muda mrefu, lakini zilikuwako siku ambapo kahawa ilitangulia mbele ya chai katika mji wa London, na mambo makubwa ya mji ule, kama bima ya meli na soko la hisa, yalizaliwa katika vyumba vya kunywea kahawa. Tena kahawa hiyo iliwahi kumtia Mfalme hofu, hata akataka kufunga kila nyumba ilimouzwa.

Habari hii yaanza mwaka 1652. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Daniel Edwards, alikuwa amekaa Smyrna, bandari ya Waturuki ambayo siku hizi huitwa Izmir, akazoea kunywa kahawa huko. Aliporudi kwao alifuatana na mtumishi wake, jina lake Pasqua Rosée, aliyempikia kinywaji hicho. Yasemekana kwamba rafiki zake Edwards walikuja nyumbani kwake kwa wingi ili waonje, hata kazi zake zikazuilika. Ndipo Rosée akasaidiwa kufungua kibanda cha kahawa katika kichochoro cha St. Michael's Alley, mtaa wa Cornhill, karibu na soko kuu la wafanyabiashara. Wauza pombe wa mtaa ule walinung'unika kwamba Rosée ni mgeni asiye na haki ya kufanya biashara mjini. Shauri hilo likatengenezwa kwa kumtia katika shirika Christopher Bowman, mwendesha gari la farasi, ambaye alikuwa na haki hiyo. Mahali pale leo pana nyumba ya kuuza mvinyo, na ukutani kipo kibao cha kumbukumbu.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba kahawa ile ilikuwa kama hii yetu imiminwayo kutoka katika mdila, ya moto na chungu, na tende kando yake. Tangu mwaka 1660 Serikali ilitoza kodi ya peni 4 kwa kila galoni ya kahawa iliyokwisha pikwa. Kwa hiyo wenye mikahawa walipika nyingi kwa mara moja, ikapimwa na afisa wa kodi, ikatiwa katika mapipa, kisha ikapashwa moto kidogo kidogo kwa kadiri wateja walivyofika. Kahawa ya namna hiyo haiwezi kuwa tamu, na waandishi wa siku zile waliifananisha na masizi.

Basi watu walifuata nini? Walifuata mazungumzo. Kwa peni 1 tu mtu aliingia, akapata kikombe chake, moto wa kuota, magazeti ya kusoma, na habari za dunia nzima. Ilikuwa ni baraza hasa. Karatasi ya sheria za mkahawa iliyopigwa chapa mwaka 1674 ilisema kwamba mtu akisha kupata mahali pake hana haja ya kuondoka kwa ajili ya mkubwa anayeingia. Katika nchi ambayo kila mtu alijua daraja yake, na mdogo humvulia mkubwa kofia, jambo hilo halikuwa dogo. Wateja lakini walikuwa wanaume. Wanawake wengi walikuwa wenye mikahawa au wauzaji, bali si desturi wao kuketi mezani na kujadiliana. Mwaka ule ule wa 1674 kilitokea kijitabu kilichosemwa kuwa ni malalamiko ya wanawake juu ya kahawa, kwamba yawaharibu waume zao na kuwaweka mbali na nyumba. Huenda kiliandikwa na mwanamume mwenye kupenda mzaha. Hata hivyo wanaume hawakukawia kukijibu.

Mfalme Charles wa Pili hakuona mzaha. Baba yake alikatwa kichwa mwaka 1649 baada ya vita na Bunge, naye alijua vizuri kwamba maneno ya watu yaweza kuwa mwanzo wa fitina. Katika mikahawa watu walisema waziwazi juu ya mawaziri na juu ya Mfalme mwenyewe. Tarehe 29 Desemba 1675 alitoa tangazo kwamba mikahawa yote ifungwe kuanzia tarehe 10 Januari 1676. Makelele yaliyotokea hayakutazamiwa, kwani wafanyabiashara, waandishi na hata watu wa Mfalme mwenyewe walikuwa wanywaji. Tarehe 8 Januari, siku 2 kabla ya kufungwa, tangazo lilitanguliwa, na wenye mikahawa wakaruhusiwa kuendelea kwa sharti la kuahidi utii. Ahadi walitoa. Watu wakaendelea kusema kama kwanza.

Kila mkahawa ukawa na watu wake. Washairi walikwenda Will's, wataalamu wa elimu Grecian. Huko Jonathan's wachuuzi wa hisa walikutana, na mwaka 1698 John Castaing alianza kutoa orodha ya bei zao. Ndiyo asili ya soko la hisa la London. Mkahawa wa Edward Lloyd, uliohamia Lombard Street mwaka 1691, ulipendwa na manahodha na wenye meli. Hapo mtu aliyetaka kukinga mali yake na hatari za bahari aliwaona matajiri tayari kuibeba hatari hiyo kwa malipo, wakaandika majina yao chini ya mkataba. Mkahawa umekwisha zamani, lakini Lloyd's ni soko kubwa la bima hata leo, na baadhi ya watumishi wake bado huitwa kwa jina la waandazi wa mezani. Si haki kuisifu habari hii bila kutaja upande wake mwingine: meli zilizobeba watumwa kutoka Afrika nazo zilikatiwa bima pale, na mwaka 2020 Lloyd's iliomba radhi kwa ajili hiyo.

Baadaye chai ikashinda. Iliweza kutengenezwa nyumbani kwa urahisi, na mwaka 1784 kodi yake ilipunguzwa kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12 na nusu. Matajiri nao walijifungia katika vilabu vyao, ambamo mtu wa peni 1 hakupata kuingia. Kahawa ilirudi kwa kishindo mwaka 1953, wakati Moka Bar ilipofunguliwa katika Frith Street, mtaa wa Soho, na mchezaji sinema wa Kiitalia Gina Lollobrigida. Humo mlikuwa na mashine ya Gaggia iliyosukuma maji ya moto kwa nguvu katikati ya kahawa iliyosagwa. Vijana walijaa, wakakaa saa nyingi juu ya kikombe kimoja, wakizungumza.