Nasi Lemak: Wali wa Nazi wa Malaysia na Vitoweo Vyake



Wali wa nazi si jambo geni katika nchi yetu. Watu wa Pwani wameupika tangu zamani, na siku hizi hata bara hupikwa wakati wa sikukuu. Mwezi huu twataka kuwaeleza wali wa nazi wa nchi nyingine, yaani Malaysia. Kwa lugha ya Kimalai huitwa nasi lemak. Nasi maana yake ni wali. Lemak ni mafuta, au ule utamu wa mafuta anaousikia mtu alambapo tui zito.

Hatuuelezi ili mtu apate kuwaonyesha majirani chakula cha kigeni. Twaueleza kwa kuwa ni chakula cha wakulima, tena kina fundisho moja linalotuhusu sisi wa skimu. Wali hushibisha tumbo, lakini vitoweo vidogo vilivyo kando ya wali ndivyo vinavyojenga mwili. Na vitoweo hivyo, kama mayai na karanga, ndivyo ambavyo wengi wetu huvipeleka sokoni vyote bila kubakiza kitu nyumbani.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI

Kijiji cha Wamalai kilikuwa na mpunga mabondeni, minazi kando ya nyumba, na bahari au mto usio mbali. Mtu aliyekwenda shambani alfajiri alihitaji chakula cha kumtosha mpaka adhuhuri. Wali uliopikwa kwa tui ulifaa, maana mafuta ya nazi humpa mtu nguvu na kumchelewesha kuona njaa. Mwaka 1909 Richard Winstedt, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Malaya, aliutaja wali huu katika maandishi yake juu ya maisha ya Wamalai.

Malaysia nayo ina wakulima wa skimu. Mwaka 1956 serikali ya Malaya iliunda shirika liitwalo FELDA ili kuwapa ardhi watu wasiokuwa na mashamba. Hapa Kenya mpango wetu wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962. Wakulima wa FELDA walipanda mipira kwanza, baadaye wakapanda michikichi kwa wingi. Mpira hugemwa alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa sababu utomvu hutoka vizuri wakati wa baridi. Kwa kazi ya namna hiyo chakula kinachofaa ni kile kinachofungwa katika jani la mgomba na kuchukuliwa mkononi. Ndivyo nasi lemak inavyouzwa mpaka leo: kifurushi kidogo cha jani, ndani yake wali, na juu ya wali vitoweo vyake.

Siku hizi huliwa na Wamalai, Wachina na Wahindi wa nchi ile, asubuhi hata usiku. Mwaka 2024 UNESCO iliandika desturi ya Malaysia ya kifungua kinywa katika orodha ya urithi wa wanadamu, na nasi lemak ni mojawapo ya vyakula vilivyotajwa.

KILA KITU KINA KAZI YAKE

Tazameni sahani ya nasi lemak, kisha jiulizeni kwa nini kila kitu kimewekwa.

Wali na tui hutia nguvu ya kufanya kazi. Lakini mchele una chakula kidogo cha kujenga mwili. Katika gramu 100 za mchele mkavu hupatikana gramu 7 hivi tu za protini.

Dagaa wakavu waliokaangwa huliwa wazima pamoja na mifupa yao. Hivyo hujenga nyama ya mwili, na pia mifupa na meno ya watoto.

Karanga zina protini ipatayo robo ya uzito wake, pamoja na mafuta.

Yai moja lina gramu 6 hivi za protini iliyo bora. Wamalai mara nyingi huweka nusu yai la kuchemsha kwa kila mtu.

Tango lililokatwa vipande hupoza kinywa na kupunguza ukali wa pilipili.

Sambal ni pilipili iliyosagwa na kukaangwa. Hiyo ndiyo inayounganisha vyote. Wali wa tui peke yake huchosha ulimi kwa mafuta. Ukali wa pilipili, uchachu wa ukwaju na sukari kidogo huamsha hamu tena.

Basi hapana kitu katika sahani hii kilichowekwa kuwa pambo.

VITU VINAVYOTAKIWA KWA WATU 6

Kwa wali: mchele vikombe 3, nazi kubwa 2, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, chumvi kijiko kidogo 1.

Kwa vitoweo: dagaa wakavu vikombe 2, karanga mbichi kikombe 1, mayai 3 mpaka 6, tango 1 kubwa.

Kwa sambal: pilipili nyekundu ndefu zilizokaushwa 15, vitunguu maji 4 vidogo vya kusaga na 1 kikubwa cha kukata, vitunguu saumu punje 3, uduvi wakavu kijiko kikubwa 1, ukwaju ukubwa wa ndimu ndogo, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi, na mafuta ya kupikia nusu kikombe.

Huko Malaysia hutumia kitu kiitwacho belacan badala ya uduvi. Belacan ni uduvi waliotiwa chumvi, wakavundikwa, wakapondwa na kuanikwa juani hata wakawa kama tofali dogo. Asiyepata uduvi na achome dagaa wachache na kuwaponda. Ladha haitakuwa ile ile, lakini itakaribia. Wamalai pia hutia katika wali jani la kunukia liitwalo pandan. Mkadi wa Pwani yetu ni jamaa ya mmea huo, lakini majani yake hayanukii hivyo. Kwa hiyo asiyekuwa na pandan apike bila hilo, wala asitie jani la mkadi.

Mkulima wa Mwea au wa Ahero ana mchele wake mwenyewe, na yule wa Ahero ana omena karibu. Aliye Mpeketoni ana nazi. Aliye Kinangop hana mchele wala nazi, lakini anaweza kuwa na kuku na vitunguu vyake, atanunua vilivyosalia.

NAMNA YA KUPIKA

Fuateni utaratibu huu, maana mafuta yale yale yatatumika mara tatu na hayatapotea bure.

1. Osheni mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kisha uloweke kwa nusu saa na kuuchuja. Loweka pilipili katika maji ya moto. Loweka ukwaju katika nusu kikombe cha maji.

2. Kuna nazi kwa mbuzi. Tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu, kamua, na uweke kando kikombe kimoja na nusu cha tui zito. Tia maji mara ya pili katika machicha, kamua upate vikombe 3 vya tui jepesi. Machicha wape kuku.

3. Kaanga karanga kwa moto mdogo mpaka zinukie, kisha ziepue. Zitazidi kukauka zikipoa, kwa hiyo usingoje ziwe nyeusi.

4. Toa dagaa vichwa na matumbo, waoshe upesi ili mchanga utoke, kisha wakaushe kabisa kwa kitambaa. Dagaa mwenye maji hurusha mafuta na hawi mkavu. Kaanga katika mafuta yale yale mpaka wavunjike kama kijiti kikavu.

5. Saga pilipili, vitunguu vidogo, vitunguu saumu na uduvi pamoja. Ikiwa watoto watakula, toa kwanza mbegu za pilipili. Tia katika mafuta yaliyosalia, kaanga kwa moto mdogo ukikoroga muda wa dakika 20 au zaidi. Hapa ndipo watu wasio na saburi hukosea. Pilipili isiyoiva huwa na ukali mbichi unaokwaruza koo. Dalili ya kuiva ni hii: rangi hugeuka kuwa nyekundu iliyoiva, na mafuta hujitenga na kuonekana pembeni mwa sufuria. Wamalai husema kwamba mafuta yamepasuka. Ndipo utie kitunguu kikubwa kilichokatwa, maji ya ukwaju, sukari na chumvi. Acha ichemke polepole mpaka iwe nzito, kisha changanya na konzi ya dagaa waliokaangwa.

6. Chemsha mayai dakika 10, yatie katika maji baridi na kuyamenya. Kata tango.

7. Bandika tui jepesi pamoja na mchele, chumvi na tangawizi iliyopondwa. Likikaribia kukauka, mimina tui zito, geuza mara moja tu kwa mwiko, funika, punguza kuni, na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Baada ya dakika 15 mpaka 20 epua, uache dakika 10 kabla ya kufunua.

KWA NINI TUI HUTIWA MARA MBILI

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji. Moto mkali unapolichemsha kwa nguvu, kile kinachoyashika matone huharibika, mafuta hupanda juu, na vitu vizito pamoja na sukari ya nazi hushuka chini na kuungua. Ndiyo maana watu hupata wali wenye mafuta juu, mbichi katikati, na ukoko mweusi chini. Wamalai wa zamani waliepuka jambo hili kwa kupika wali kwa mvuke, na wengine hufanya hivyo hata leo. Wengi siku hizi hutia tui lote mara moja katika sufuria kwa moto wanaoweza kuupima. Sisi tunaotumia kuni hatuwezi kuupima moto sana, kwa hiyo yafaa tulete tui zito mwisho, moto ukiwa umepungua. Hii ndiyo njia ya akina mama wa Pwani pia, na sababu yake ni hiyo hiyo.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA SANA

La kwanza ni karanga. Zichague moja moja kabla ya kukaanga. Iliyokunyata, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, wala usimpe kuku. Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kukaangia haumalizi sumu hiyo. Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Karanga hupatwa na sumu ile ile zikihifadhiwa na unyevu. Kwa hiyo zikausheni vizuri kabla ya kuzitia guniani, na gunia lisikae juu ya sakafu bali juu ya mbao.

La pili ni kiporo. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi. Tui nalo huchacha upesi. Wali uliopikwa alfajiri uliwe asubuhi ile ile. Ukitaka kuufunga katika jani kwa ajili ya shambani au shuleni, babua jani la mgomba juu ya moto mpaka lilainike lisipasuke, lipanguse, na ufunge sehemu ya kuliwa mapema tu. Kitakachobaki wape kuku siku hiyo hiyo.

HESABU YA MAYAI

Wengine watasema, "Bwana, mayai na karanga ndiyo fedha ya karo." Ni kweli, nasi hatusemi msiuze. Lakini tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuku wako wanataga mayai 30 kwa juma. Nyumba ya watu 6 ikipika chakula hiki mara moja kwa juma na kila mtu akala nusu yai, mayai yanayotoka ni 3, na 27 yanakwenda sokoni. Hata kila mtu akila yai zima, bado 24 yatauzwa. Karanga zinazotakiwa ni kikombe kimoja tu.

Sasa pimeni upande wa pili. Mtoto alaye wali mtupu au ugali mtupu kila siku huonekana ameshiba, lakini hakui inavyopasa, na ugonjwa humshika upesi. Karo iliyopatikana kwa kuuza mayai yote haitamsaidia sana akikaa darasani akiwa dhaifu. Mkulima hawanyimi ng'ombe wake chakula ili auze majani. Asiwanyime watoto wake.

Basi juma hili, kabla mwenye baiskeli hajaja kuchukua mayai, toeni sita na kikombe kimoja cha karanga, mviweke kando. Hata kama nazi haikupatikana na mkapika wali wa maji tu, au ugali, wekeni vitoweo hivyo sahanini. Nazi ni utamu. Hivyo vingine ndivyo mwili wa mtoto unavyovingoja.