Kinga, Urithi na Vumbi la Berili

Neno kinga lina maana zaidi ya moja. Kinga itokanayo na kitenzi kukinga ni kizuizi cha madhara, nayo ndiyo waikusudiayo matabibu wasemapo kinga ya mwili. Kinga nyingine ni kijinga cha moto, itajwayo katika methali isemayo, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Maana hizi ziko mbali, walakini zote mbili zafaa katika kueleza ugonjwa wa mapafu uletwao na madini ya berili.

Mwaka 1946, nchini Marekani, matabibu Harriet Hardy na Irving Tabershaw walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha taa katika jimbo la Massachusetts. Taa hizo zilipakwa ndani unga wenye berili. Wagonjwa walikohoa, wakakonda na kuishiwa pumzi, wengine hata baada ya kuacha kazi. Matumizi hayo yalikomeshwa mwaka 1949, lakini berili iliendelea kutumika katika silaha za nyuklia na vyombo vya angani. Swali likabaki: watu wavutapo vumbi lile lile, mbona wachache tu huugua?

Jibu lilianza kudhihirika mwaka 1993, Luca Richeldi na wenzake walipochunguza jeni iitwayo HLA-DPB1, iliyo katika kromosomu ya 6. Jeni hiyo huongoza uundaji wa protini ambayo kazi yake ni kuzionyesha chembe nyeupe za damu vipande vidogo vya protini nyingine, ili zipambanue kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Asilimia 97 ya wagonjwa walikuwa na namna ya jeni iwekayo asidi ya glutamiki mahali pa 69. Miongoni mwa wasiougua ilikuwa asilimia 30. Uchunguzi wa mwaka 2014 ukaonyesha kuwa berili huzama ndani ya protini hiyo na kuibadili sura. Basi chembe za kinga hukiona kilicho cha mwili kana kwamba ni kigeni, zikakishambulia. Mapafu huvimba, hatimaye yakaota makovu. Ndiyo sababu ugonjwa huu huwekwa mpakani, baina ya mzio na maradhi ambayo kinga huugeukia mwili wenyewe.

Hapa lugha yataka hadhari. Kuuita "ugonjwa wa kurithi" ni kosa, kwani kinachorithiwa si ugonjwa bali wepesi wa kupatwa nao. Wengi wenye jeni hiyo ni wazima, na asiyevuta berili hapatwi kamwe. Mfanyakazi aambiwaye kuwa maradhi yake ni ya urithi ataona ni kudura, naye mwajiri atapata udhuru wa kuwabagua watu kwa damu yao badala ya kupunguza vumbi.

Jeni ni kijinga cha kwanza, na vumbi ni cha pili. Cha kwanza mtu huzaliwa nacho. Cha pili chaweza kuondolewa. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilishusha kiwango cha berili kiruhusiwacho katika hewa ya kazini, kutoka maikrogramu 2 hadi 0.2 kwa kila mita moja ya ujazo. Hiyo ndiyo kinga kwa maana yake ya kwanza.