Uambishaji wa Kitenzi cha Kawaida cha Kiingereza kwa Wanafunzi Wasemao Kifaransa

Sarufi nyingi humkabidhi mwanafunzi jedwali la nafsi na nyakati, kana kwamba akilikariri atakuwa amekijua kitenzi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kwa msemaji wa Kifaransa, umbo la kitenzi cha Kiingereza ni jepesi, na uzito umo katika matumizi. Jambo hili si dogo: mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na walimu wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa wakalazimika kubadili lugha wakiwa kazini.

Tuchukue kitenzi work, yaani 'fanya kazi'. Kina maumbo manne tu: work, works, worked na working. Mwenziwe wa Kifaransa, travailler, katika wakati uliopo peke yake huandikwa kwa maumbo matano. Lakini travaille, travailles na travaillent hutamkwa sawasawa. Tofauti zake ni za jicho, si za sikio. Mwanafunzi aliyezoea kuinyamazisha -s ya tu travailles huelekea kuinyamazisha na ile ya he works, ambayo ndiyo alama pekee ya nafsi iliyosalia katika wakati huo. Kiambishi -ed nacho hutamkwa t katika worked, d katika lived, na huwa silabi kamili katika wanted, baada ya t au d.

Kosa kubwa zaidi hutokana na mfanano wa sura. J'ai travaillé na I have worked zimejengwa kwa namna moja: kitenzi kisaidizi chenye maana ya 'kuwa na', kikifuatwa na umbo timilifu. Hata hivyo, Mfaransa husema j'ai travaillé hier, ilhali I have worked yesterday haikubaliki katika Kiingereza sanifu. Husemwa I worked yesterday. Msomi wa Kiswahili ataielewa tofauti hii upesi, kwani 'nilifanya kazi jana' ni sawa, na 'nimefanya kazi jana' humkera msikilizaji. Kinyume chake, je travaille ici depuis 1980 ina kitenzi cha wakati uliopo, lakini Kiingereza hudai I have worked here since 1980. Aidha, je travaille moja hugawanyika kuwa I work, ya mazoea, na I am working, ya tendo linaloendelea, karibu na vile Kiswahili kitofautishavyo 'hufanya' na 'ninafanya'.

Kwa hiyo jedwali lisitangulie. Kila umbo lifundishwe pamoja na kielezi chake cha wakati: yesterday na worked, since na have worked, every day na work, now na am working. Mwanafunzi ajuaye umbo bila kujua mahali pake amejifunza nusu ya kitenzi.